Pampu Haina Macho

Ukikaa pale malori yanapopakia mizigo Mpanda, utasikia mabishano ya aina mbili: Simba na Yanga, na gari la nani lina nguvu. Ubishi wa kwanza hauna mwisho. Wa pili huishia kwenye maneno yaleyale: "Liongezee wese, utaona!" Yaani gari likichoka, dawa yake ni mafuta. Ndugu msomaji, maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, na bei yake naijua.

Mwaka 2008 nilikuwa utingo kwenye lori la mjomba wangu, Scania kuukuu yenye tabo. Wakati huo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Rukwa. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012. Kazi yetu ilikuwa kubeba mchele wa Mpimbwe kwenda Sumbawanga. Anayeifahamu njia ile anajua kwamba ukitoka Kibaoni kuelekea Kizi lazima uupande Lyamba lya Mfipa. Pale hakuna porojo. Gari linapanda au linarudi nyuma, na utingo anatembea kando yake na gogo mkononi, tayari kuzuia tairi.

Msimu ule lori likaanza kuishiwa nguvu. Tambarare linakwenda vizuri, mlimani linalegea kama mgonjwa, na bila moshi. Msomaji, lishike hilo: bila moshi. Chujio za dizeli tulibadilisha, maana mafuta ya kwenye madumu huja na maji na uchafu wake. Wapi! Lori lilikuwa la mkopo, na kila safari iliyochelewa ilikuwa inakula pesa ya watu. Mjomba akalipeleka gereji. Kijana mmoja akakata waya wa kiwandani uliofungwa kwa risasi kwenye pampu, akaingiza bisibisi, akakaza skrubu.

"Mzee, sasa litapaa hili," akasema.

Kweli likapaa. Safari mbili tulipanda mlima ule tukiimba, nyuma yetu moshi mweusi kama tanuru la mkaa, na watoto wa njiani wakitushangilia tukipita. Safari ya tatu, katikati ya mlima, tukasikia mgongo wa chuma kwa chuma, kama mtu anayetwanga kisamvu kwa hasira. Injini ikazima. Tulilala pale siku nne juu ya magunia, mpaka tulipopata gari la kutuvuta.

Sumbawanga injini ilipofunguliwa, pistoni mbili zilikuwa zimeyeyuka vichwani. Mzee fundi wa pampu tuliyemwita hata hakuzitazama sana. Alipitisha kidole kwenye kimpira chembamba kinachotoka njia ya hewa ya injini kwenda nyuma ya pampu, akakikunja. Pakafunguka ufa mdogo, kama chale ya wembe.

"Mgonjwa wenu ni huyu," akasema. "Pampu ilikuwa haina habari."

Nikamwomba anieleze, naye akakaa juu ya tairi akanieleza.

Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Feni hiyo inasukuma hewa kwa nguvu iingie ndani. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyepata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na kwetu sisi wa nyanda za juu ni neema. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, Sumbawanga karibu 1,800, na huko presha ya hewa imepungua kama sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Tabo inarudisha kile ambacho mwinuko umekichukua, na zaidi.

Hewa ikizidi, mafuta nayo yanaweza kuzidi yakaungua yote. Lakini pampu haina macho. Itajuaje kwamba hewa imeongezeka? Ndiyo kazi ya kile kimpira. Kinapeleka presha ya tabo kwenye utando mdogo ulioko kwenye pampu. Utando ukisukumwa, unairuhusu pampu itoe dizeli zaidi. Tabo ikitulia, utando unarudi, dizeli inapungua.

Sasa kimpira kikipasuka, pampu inadhani tabo imelala. Inatoa kidogo, gari linakosa nguvu, na moshi hakuna. Yule kijana wa gereji alipokaza skrubu, aliiamuru pampu itoe nyingi wakati wote, hewa iwepo isiwepo. Mafuta yaliyokosa hewa yakawa masizi. Yaliyoungua yakapandisha joto dakika baada ya dakika, na mlima ule ni mrefu. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ile ya pistoni huanza kulegea kabla ya hapo.

Siku hizi vijana wa mjini wana Subaru za petroli zenye tabo, na ubishi ni uleule. Ila huko hatari imegeuka: mafuta yakipungua ndipo pistoni zinapoungua. Nozeli humwagia petroli mahali ambapo tabo nayo inasukuma hewa. Pampu ikiwa na presha ya baa 3 (kipimo cha presha, si ile ya bia) na tabo ikirudisha baa 1, zinabaki 2 za kusukuma petroli. Kwa hiyo kirekebisha presha nacho kina kimpira chake. Tabo ikipandisha 1, nacho kinapandisha 1, zinakuwa 4. Kimpira kikichomoka, petroli inapungua karibu sehemu moja ya tano, saa ileile ambayo injini imejaa hewa.

Kimpira cha lori letu kilikuwa bei ya soda mbili. Mjomba aliliuza lori lile kama chuma chakavu, na deni akalilipa kwa miaka mitatu. Binti yake, kidato cha pili, alikaa nyumbani muhula mzima akisubiri ada. Yule kijana simlaumu peke yake. Mjomba alikuwa na haraka ya deni, na mwenye haraka huuzwa anachotaka kusikia. Hakuna aliyeuliza kwa nini gari lisilo na nguvu halitoi moshi.

Siku hizi mjomba analima mpunga Mpimbwe, na mchele wake unabebwa na malori ya watu. Lori likija kupakia, kabla ya salamu kwisha anaomba kabati ya dereva iinuliwe, anainama, anapapasa kile kimpira kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Madereva wanamcheka. Yeye anapapasa tu.