Butembo Iliyo Nyuma ya Soko

Kila mtu huujua mji kwa shughuli inayompeleka huko. Mgonjwa huujua kwa hospitali yake, mwanafunzi kwa chuo chake, mfanyabiashara kwa ghala lake. Sisi wa Kipese tunaijua Butembo kwa gunia. Tangu enzi za wazazi wetu, viazi, maharage, kabichi na vitunguu vya majani vya milima ya Lubero vimekuwa vikielekea huko, juu ya lori au juu ya chukudu, nasi tukienda pamoja navyo. Tunafika alfajiri, tunauza, tunanunua chumvi, sabuni, kitenge na madaftari ya watoto, kisha tunatafuta lori la kurudia kabla jua halijazama.

Mtu akituuliza kama tunaijua Butembo, tunamjibu bila kusita kwamba ni mji wetu. Na ndivyo ilivyo. Wagonjwa wetu wametibiwa Matanda. Mapadri wetu tumewasindikiza hadi Kanisa Kuu la Mater Ecclesiae. Watoto wetu waliobahatika wamesoma katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Hata hivyo, mji huo tunaouita wetu una barabara kuu moja, soko moja na kituo kimoja cha malori. Kulia na kushoto kwa barabara hiyo kuna komine nne, yaani Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, zenye vilima, mabonde na mitaa ambayo wengi wetu tumeisikia kwa majina tu, wakati wa matangazo ya vifo redioni.

Ni vita vilivyotupeleka huko. Mwisho wa Juni 2024, Kanyabayonga iliingia mikononi mwa M23, na Kirumba ikafuata. Familia za kusini mwa Lubero zikaanza kutembea kuelekea kaskazini. Miongoni mwao walikuwamo jamaa zetu walioolewa au kulima upande ule. Nao walifika Butembo, lakini wamebeba godoro na sufuria, si gunia la kuuza. Hawakukaa karibu na soko, kwa maana kodi ya nyumba za huko haimtazami mhami wa vita. Walipokewa na familia za pembezoni, mmoja huku, mwingine kule. Sisi tuliotaka kuwaona ilitubidi tuulize njia katika mji tuliouzoea. Mwezi Agosti wa mwaka ule, wanaume wawili na wanawake wawili wa parokia moja, tulitembea Butembo kwa miguu siku tatu, bila kitu cha kuuza mikononi.

Jambo la kwanza tulilolitafakari lilikuwa bado njiani. Mstari wa ikweta hupita kati ya Lubero na Butembo. Kipese iko kusini mwa mstari huo, Butembo iko kaskazini yake. Kila wiki tunahama kutoka nusu moja ya dunia kwenda nusu nyingine, tukisinzia juu ya magunia. Kijana mmoja wa kundi letu, aliyejifunza jiografia, ndiye aliyetukumbusha. Mzee wa kundi akamwambia kwamba mpaka unaovukwa bila kizuizi cha askari ni mpaka wa Mungu. Tukacheka, kisha tukanyamaza, maana sote tulikuwa tumehesabu vizuizi tulivyokwisha kuvipita tangu asubuhi.

Siku ya kwanza tuliteremka hadi Kimemi. Jina hilo tulilijua kama jina la komine. Wachache wetu tulikuwa tumeuona mto wenyewe. Ni mto mdogo, wala hauna fahari. Lakini kuufuata ni kuusoma mji kutoka chini. Juu, kandokando ya barabara, kuna maduka yanayouza bidhaa zilizotoka Dubai na Guangzhou, maana wafanyabiashara wa Butembo wamejulikana kwa miaka mingi kwa safari zao za mbali. Chini, dakika chache tu kutoka hapo, kuna wanawake wanaoinama katika bustani za mboga, vijana wanaofyatua matofali ya udongo, na watoto wanaochota maji. Nyuma yao vilima vimevikwa mikaratusi, kama vilima vyetu. Tuliona majani ya kabichi yakioshwa ili yapelekwe sokoni, nasi tukatambua kwamba wale tunaoshindana nao kwa bei hawatoki mbali: wanalima katikati ya mji, kwenye vipande vya ardhi visivyozidi upana wa ua wa kanisa. Mama mmoja alitueleza kwamba mvua kubwa ikinyesha mto hupanda na kuchukua mboga zote kwa usiku mmoja. Anapanda tena. Hatukuwa na la kumwambia isipokuwa kumpa pole, naye akatupa fungu la lengalenga na kukataa fedha.

Siku ya pili tulipanda. Mitaa ya vilimani ya Butembo haina bango wala namba. Njia huulizwa kwa majina ya watu, ya vikanisa vya jumuiya na ya visima. Tulipita mahali panapoitwa Congo ya Sika, yaani Kongo Mpya. Jina hilo lilitufikirisha, kwa sababu waliolitoa bila shaka walikuwa na matumaini makubwa, na waliofika huko siku hizi wamefukuzwa na Kongo ileile ya zamani. Mbele zaidi, mwisho wa njia ya udongo mwekundu, tulimkuta shangazi yetu.

Alikuwa amepokewa na mama mjane anayekaanga mandazi. Nyumba ina vyumba viwili. Ndani yake walilala watu tisa: mwenyeji na watoto wake wanne, shangazi na wajukuu watatu. Wenyeji hawa hawakuwa ndugu wala marafiki wa zamani. Walikutana kwenye uwanja wa kanisa, siku ambayo viongozi wa jumuiya waliuliza nani ana nafasi. Mjane yule hakuwa na nafasi, lakini aliinua mkono.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ile tuliona jinsi methali hiyo ilivyo nzito. Mgeni alikuwa amekuja, na mwenyeji alikuwa anakonda. Unga uliotosha siku nne sasa ulitosha siku mbili. Septemba ilikuwa inakaribia pamoja na mahitaji ya shule, na watoto wa mwenyeji walikuwa bado hawajapata viatu. Shangazi alituvuta kando, nyuma ya jiko, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba anataka kurudi nasi. Si kwamba alitendewa vibaya. Alisema anasikia aibu kila anapooshwa mikono ili ale, kwa sababu anajua sahani yake imetolewa kwa mtoto gani. Afadhali, alisema, arudi akafe karibu na shamba lake.

Tulijadiliana jioni nzima. Mmoja wetu aliona kwamba mapenzi ya mzee ni amri, na kwamba mahali pake ni kwetu Kipese. Mwingine aliuliza ni nani atakayejibu mbele ya Mungu endapo barabara itafungwa, na wajukuu wale watatu wakalazimika kukimbia mara ya pili, safari hii wakiwa na bibi asiyeweza tena kutembea. Mwenyeji alisikia, ingawa tulizungumza kwa upole. Aliingia, akakaa, akasema kwa Kinande kwamba hakuinua mkono wake kanisani ili aushushe baada ya wiki saba. Kisha akaongeza, bila haya yoyote, kwamba viazi vingemsaidia.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyofungua njia. Shangazi alibaki. Nasi tulikubaliana kwamba katika kila lori litakalotoka kwetu, maadamu barabara iko wazi, gunia moja halitafika sokoni: litashushwa mwanzo wa njia ile ya udongo mwekundu, nalo litakabidhiwa mwenyeji, si mgeni. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Mwenye kupokea gunia, alisema, ndiye mwenye kupika. Na mimi nikila kutoka katika chungu chake nitakula kwa amani.

Siku ya tatu, kabla ya kurudi, tulikwenda mahali pawili ambapo mtu wa sokoni hana sababu ya kwenda.

Pa kwanza ni makaburi ya Kitatumba. Wengi wamesahau, au wanapenda kusahau, miaka ya Ebola. Ugonjwa ulitangazwa katika jimbo letu la Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na ukatangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 walifariki. Butembo na Katwa ni miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi. Sisi kule kijijini tuliogopa hata kushuka kutoka kwenye lori. Hapa Kitatumba watu walizikwa na wahudumu waliovaa mavazi ya kujikinga kuanzia kichwani hadi miguuni, huku familia zikisimama mbali, zisiweze kuugusa mwili kama desturi yetu inavyotaka. Kati ya misalaba ile tulimkumbuka pia mtu ambaye si wa ukoo wowote wa hapa: Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliyeuawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Miezi miwili kabla ya hapo vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshambuliwa. Mji uleule unaoinua mkono kumpokea mhami uliwahi kumwogopa mganga wake. Tuliyasema haya kwa sauti ya chini, kwa sababu hofu ile ilikuwa yetu sote, na waliokuwa na bunduki walijua kuitumia.

Pa pili ni Kanisa Kuu, lakini saa ambayo hakuna ibada. Tulikaa kwenye viti vya nyuma tukamkumbuka Emmanuel Kataliko. Aliliongoza jimbo hili kama askofu tangu 1966 hadi 1997; chini yake Chuo Kikuu cha Graben kilianzishwa mwaka 1989. Kisha alitumwa Bukavu kuwa askofu mkuu, kushika nafasi ya Christophe Munzihirwa aliyeuawa mwaka 1996. Katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999 alilaani vita na uporaji wa mali ya wananchi, na Februari 2000 wakuu wa uasi waliotawala Bukavu walimfukuza huko wakamleta Butembo. Alikaa hapa hadi Septemba. Akaruhusiwa kurudi Bukavu, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki dunia huko Roma.

Twafikiri juu ya miezi ile saba. Mji aliokuwa ameuongoza kwa miaka zaidi ya 30 ulikuwa sasa mahali pa kufungiwa. Vilima vilikuwa vilevile, mikaratusi ileile, watu walewale waliomwita baba. Lakini yeye hakuja tena kwa kazi ya askofu wa mahali. Alikuja kama aliyefukuzwa kwake. Kama ni kweli kwamba kila mtu huujua mji kwa shughuli inayompeleka huko, basi Kataliko aliijua Butembo mara mbili. Shangazi yetu naye, aliyekuwa akiuza maharage katika soko la mji huu alipokuwa kijana, sasa anaijua kwa mara ya pili.

Wahami hawatoki kusini peke yake. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa, na wanaonusurika huteremka kuelekea Butembo, kama vile sisi tunavyopanda kutoka Lubero. Mji huu unabanwa kutoka pande mbili, nao unaendelea kuwatafutia watu mahali pa kulala. Nabii Yeremia aliwaandikia watu wake waliohamishiwa ugenini kwamba wautafutie mji ule heri na kuuombea. Aliwaandikia wahami. Sisi tunaokuja kwa hiari yetu, tukiwa na gunia na tiketi ya kurudi, tunadaiwa zaidi.

Ndugu wapendwa, hatuwaombi mwache soko. Watoto wanahitaji madaftari. Tunawaomba saa moja. Mtakapokuwa mmemaliza kuuza, kabla ya kutafuta lori, ulizeni njia ya mtaa mmoja ambao hamjaufikia bado: Furu, Vutetse, Katwa, popote pale. Tembeeni hadi mwisho wake. Mkimkuta mtu wa kwetu, msalimieni kwanza mwenye nyumba. Ulizeni ni watu wangapi wanaolala humo, na kama lori lijalo lina nafasi ya gunia la ziada. Wenye malori wa Kipese tayari wanaijua ile njia ya udongo mwekundu, na wanasimama hapo bila kudai nauli.