Maji ya Kapsoit Hurudi kwa Waya

Msomaji, ukipanda matatu Kericho kuelekea Kisumu, shuka Kapsoit unywe chai. Ni kituo kidogo cha barabarani: maduka, kinyozi, vibanda vya chai, na nyuma yake majani chai yaliyotanda mpaka macho yachoke. Fika asubuhi, maana alasiri mvua hupiga hodi.

Itazame mvua hiyo. Maji ya mito ya Kericho huishia Ziwa Victoria, na ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, Jinja, Uganda. Bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lilifunguliwa hapo mwaka 1954. Mwaka uliofuata Uganda ikakubali kuiuzia Kenya megawati 30. Basi maji hutoka kwetu bure, yakarudi kwa waya kupitia Tororo na Lessos, yakiwa na bei!

Usinune, msomaji. Biashara hii huenda na kurudi. Usiku wa manane, sisi tukikoroma, mvuke wa Olkaria hukosa mnunuzi, na umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Heri jirani aununue. Jioni kila nyumba ikiwasha taa na runinga, sisi ndio huwa wahitaji. Ethiopia nayo ilianza kutuuzia megawati 200 Novemba 2022, kwa njia ya kilomita 1,045 hadi Suswa.

Mkulima wa Kapsoit yamhusu nini? Yamhusu sana. Majani yakishachumwa hayangoji. Kiwandani feni huyanyausha kwa saa nyingi kabla ya kukatwa, na umeme ukipotea jenereta ya dizeli huanza kunguruma. Gharama ya dizeli hiyo hula bonasi kabla mwenyewe hajaishika, na bonasi ndiyo karo ya watoto.

Ila kamba ya jirani nayo huvuta. Septemba 6, 2024, njia ya umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilijifunga pale Suswa, ile ya Ethiopia ikafuata. Megawati 488 zikatoweka kwa mpigo, na sehemu kubwa ya Kenya ikazimika. Ndiyo maana mimi naona heri majirani wengi kuliko mmoja. Waya wa Isinya hadi Singida, Tanzania, uliwashwa Desemba mwaka huo huo.

Haya, mvua hiyo imeanza. Jikinge kwa kinyozi mpaka matatu ije. Taa yake inawaka, na hakuna ajuaye kama ni ya Jinja au ya Olkaria.