Maji ya Kwanza

Siku niliyotetea pendekezo langu la utafiti, tumbo langu lilianza kuzungumza kabla yangu. Lilinguruma, likanyamaza, likanguruma tena, ndani ya chumba chenye walimu watano na kiyoyozi kipya kisicho na kelele za kunisitiri. Mwalimu mmoja akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimekunywa chai. Nikajibu bado, na wote wakacheka kwa huruma. Nilidanganya. Nilikuwa nimekula chapati mbili na maharage, na tumbo lilikuwa limewamba kama ngoma.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, Dar es Salaam. Kila niliyemweleza shida yangu aligeuka daktari. Vidonda vya tumbo, alisema mmoja, kunywa juisi ya kabichi. Amiba hiyo, alisema mwingine. Taifodi. Nilipima vyote. Majibu yalirudi safi mara zote, mpaka nikaanza kuona aibu, kana kwamba nilikuwa nasingizia. Mwishowe daktari mmoja akaniambia hakuna kidonda wala mdudu; utumbo wangu ni mwepesi wa kukasirika tu. Akaniandikia orodha ya vyakula vya kupunguza kwa muda: maharage, vitunguu, saumu, ngano. Niliisoma ndani ya daladala. Karibu kila nilicholelewa nacho kilikuwemo.

Likizo ile nilikwenda nyumbani, Tanga. Mama alikuwa amepika maharage ya nazi kwa ajili yangu. Nikamwambia siwezi kuyala. Nikaeleza habari za utumbo, daktari na orodha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua sahani yangu, akaifunika kawa, akaisogeza pembeni.

"Mdogo wako anakula haya haya," alisema.

Ni kweli. Mimi na mdogo wangu ni wa tumbo moja, ila lake linasaga hata misumari. Kwa siku kumi nilikula wali na samaki wa kuchoma, na katika kila mlo palikuwa na jambo kati yangu na Mama ambalo hakuna aliyelitaja.

Chuoni, Ijumaa jioni, wenzangu wa darasa huchanga pesa wakaenda kula baga. Mimi nilikuwa nikiagiza maji. Nikaamua kujitengenezea mwenyewe. Nyama ya kusaga haikuwa ya mfuko wa mwanafunzi, tena chumbani hatuna friji. Nafaka na jamii ya kunde hukaa kwenye mkebe mwezi mzima bila kuharibika. Jaribio la kwanza lilikuwa la maharage niliyoyaloweka saa moja tu, nikayachemsha kwa maji yale yale, nikayaponda pamoja na kitunguu kizima na punje nne za saumu. Yalisambaratika kwenye kikaango. Nikayala hivyo hivyo kwa kijiko, na usiku nikajikunja kitandani, nikimsikia mwenzangu wa chumbani akijifanya amelala.

Asubuhi nilimpigia Mama. Sikumwambia habari za tumbo. Nilimwuliza tu zile bajia za kunde anazokaanga Ramadhani zinaanzaje. Sauti yake ikachangamka.

"Kunde unaziloweka usiku kucha. Asubuhi unazisugua kwa viganja mpaka maganda yaelee, unayamwaga pamoja na maji. Unasuuza tena. Yale maji ya kwanza usiyaonee huruma, mwanangu. Yana riahi."

"Nani alikuambia?"

"Bibi yako."

Jioni ile niliweka tasnifu pembeni nikasoma kuhusu kunde. Kunde na maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Gesi hiyo kila mtu anayo. Utumbo kama wangu huisikia kama maumivu. Sukari hizo huyeyuka katika maji. Anayemwaga maji ya kulowekea, kisha akamwaga na ya kuchemshia, amepunguza sehemu yake. Orodha ya daktari wangu ilitokana na mlo uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Maji ya kwanza, Bibi alishayamwaga zamani.

Lakini bajia za Bibi zilijaa vitunguu na saumu, na hapo ilibidi nimpigie Mama tena na kumweleza ukweli wote. Vitunguu na saumu vina fruktani, nazo huyeyuka katika maji, si katika mafuta. Kwa hiyo unaweza kukaanga punje za saumu taratibu, ukazitoa, ukapikia mafuta yaliyobaki. Badala ya kitunguu, unatumia yale majani ya kijani ya vitunguu vya majani. Mama alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

"Kwa hiyo saumu inatoa harufu, fitina inabaki nayo."

Sasa natengeneza hivi. Kikombe kimoja cha kunde zilizolowekwa na kumenywa nakichemsha kwa maji mapya hadi zilainike, nachuja, naziacha zikauke. Naziponda na viazi mbatata viwili vya kuchemsha, karoti iliyokwaruzwa, tangawizi, bizari nyembamba, kotimiri, chumvi, na vijiko vichache vya unga wa mchele vya kushikisha. Nafinyanga kababu bapa, naziacha saa nzima zishikane, kisha nazikaanga kwa moto mdogo katika mafuta ya saumu bila kuzigusagusa. Mkate wa baga ni ngano, basi chuoni nazifunga kwa majani ya saladi.

Sijapona. Nikila moja nalala vizuri. Siku niliyokula tatu kwa furaha, nililipa. Lakini Ijumaa moja niliwaalika wenzangu chumbani, nikashika baga yangu kwa mikono miwili kama wao.

Desemba nilirudi Tanga na kilo ya kunde. Mama alisugua maganda, mimi nikamwaga maji. Badala ya mkate, alipika vibibi vya unga wa mchele, bila sukari, akasema vitafaa kushika kababu. Mdogo wangu akauliza nyama iko wapi. "Kula," Mama akamjibu. Alikuwa akiopoa punje za saumu kwenye kikaango, moja moja, akiziweka kwenye sahani yake mwenyewe.

Kisha akakaa mkekani, akanisogezea sahani yangu, akafunua kawa. Chini yake kulikuwa na baga moja tu, kama nilivyomwambia.