Kaka Hakuwa Mwongo

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Leo nataka kukueleza habari za mtu aliyeitwa mwongo kwa miaka mingi, kumbe alikuwa akisema kweli tupu.

Kwetu ni Mlolongo, karibu na mizani ya malori katika barabara ya Mombasa. Mjomba wangu ni fundi wa redio na runinga. Hadi nilipokuwa darasa la tatu, alikuwa pia na chumba cha michezo ya video. Ulilipa shilingi 5, ukapewa kidude cha kubonyeza, ukacheza hadi mamako aje na fimbo. Kaseti zenyewe zilikuwa bandia. Moja iliandikwa ati ina michezo 9999! Ukiifungua, michezo yenyewe ni michache tu. Iliyobaki ni ile ile, imerudiwarudiwa.

Kaka yangu alishikilia kuwa ndani ya kaseti hiyo, mbali kabisa, mna Pac-Man wa aina nyingine, ambaye kuta za njia zake hazionekani. Tulimcheka. "Kuta hazionekani, ama ni macho yako hayaoni?" nilimwuliza mbele ya wenzake. Tangu siku hiyo wakamwita Bwana Kuta. Jina likamganda kama kupe. Kaka akaacha kabisa kulitaja jambo hilo, na mwaka 2022 akaenda zake Qatar kufanya kazi ya ulinzi.

Likizo ya Desemba, Mjomba aliamua kuviuza vyombo vyote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku hizi watoto wanacheza kwa simu, bwana. Nilimwomba anipe siku mbili tu. Nikafungua nambari moja baada ya nyingine, macho yakiniwasha. Jioni ya pili nikafika nambari 612. Lahaula! Skrini nyeusi tititi, vidoti vyeupe, na mizuka minne ikikata kona nisizoziona. Mtu fulani alikuwa amebadilisha rangi ya kuta ikawa sawa na giza, na jina la kampuni akalifuta.

Huenda ukauliza, msomaji, hilo lina faida gani? Pac-Man asilia alitengenezwa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1980. Mwaka 1981, vijana wa kampuni ndogo ya General Computer huko Marekani waliubadilisha mchezo huo wakauita Crazy Otto. Kampuni ya Midway ikaupenda, na mwaka 1982 ukatoka kwa jina la Ms. Pac-Man, ukavuma dunia nzima. Toleo hilo lilipata mlezi. Lakini mengi ni mayatima, hayana jina wala tarehe. Ndiyo maana wapo watu wanaoyasaka usiku na mchana. Mwaka 1997, Nicola Salmoria wa Italia alianzisha MAME, programu ya kuhifadhi michezo ya mashine za zamani, na hadi leo wapenzi wake wanaongeza matoleo waliyoyaokota huku na kule.

Sisi wanachama wa Kiswahili tusishangae. Ngano ya sungura anayoisimulia nyanya yangu si sawa na iliyo kitabuni, na akienda bila kuisimulia, imekwenda naye. Toleo lisilojulikana ni ushahidi kwamba mtu fulani alipita hapa, akatia mkono wake.

Nilipiga picha nikamtumia Kaka. Muda si muda akapiga simu.

"Umeziona kuta?" aliuliza.

"Sikuziona, Kaka. Hazionekani!"

Alicheka hadi akakohoa. Nami nikamwomba msamaha kwa lile jina nililomsababishia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Usiiuze hiyo kaseti."

Runinga ya Mjomba imeuzwa kwa kilo. Kaseti ninayo sandukuni, inamngoja mwenyewe. Nawe msomaji, usimwite mwenzako mwongo kabla hujafika nambari 612.