Springi za Gari la Ayuto

Hapa Garissa gari ni mmoja katika watu wa nyumba. Ndilo lipelekalo maziwa ya ngamia sokoni, mjamzito hospitalini, na bidhaa zetu Dadaab, masafa ya kilomita 100 hivi. Letu ni Land Cruiser ya mizigo, yenye injini ya dizeli iitwayo 1HZ, silinda sita na valvu 12. Tulilinunua sisi akina mama saba kwa fedha za ayuto, mchango ambao desturi yake ni kupokewa na mmoja mmoja kwa zamu; tukaridhiana zamu zote ziwe za gari.

Mwezi wa Shaaban mpira wa maji ulipasuka njiani, injini ikachemka, na hedi ikapata ufa baina ya viti vya valvu. Fundi akatueleza kwamba ufa wa mahali pale hata ukichomelewa haukai, basi tutafute hedi nyengine.

Hedi mpya zilizotengenezwa na viwanda visivyokuwa Toyota huuzwa katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, kwa bei iliyo nafuu kuliko ya asili. Wengi huzichanganya hizi na za bandia, nasi twaona si haki. Kipuri kilichobeba waziwazi jina la kiwanda chake ni bidhaa ya halali, iwe bora au duni. Kilichovishwa boksi la jina la mwengine ndicho ghushi. Swali letu la kwanza dukani lilikuwa hili: hedi yaja tupu ama imekamilika? Ikawa ni tupu. Valvu, springi, sili za mafuta na vibati vya kupimia nafasi, viitwavyo shimu, vyote vyanunuliwa mbali.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Kijana wetu dereva, ambaye ni mtoto wa mmoja wetu, alikuwa amekwisha kusikia habari za magari ya mashindano.

"Habaryar," alituambia, nalo ni neno la Kisomali la kumwita mama mdogo, "kwa kuwa hedi imefunguliwa, tutie springi ngumu na kamshafti ya mbio, kisha turbo. Tutafika Dadaab kabla ya adhuhuri."

Hatukumkemea. Tulimwomba fundi atueleze kazi ya springi, naye alieleza vizuri. Kamshafti huisukuma valvu ifunguke. Springi ndiyo huirudisha kitini. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 1,000. Safari ya saa mbili ni mara 120,000, na valvu ni 12. Springi ikilegea, valvu hukawia kurudi, na katika injini kama hii pistoni inaweza kuikuta ingali wazi na kuipinda. Ikizidi ugumu, nayo huikwaruza kamshafti na kukitwanga kiti cha valvu bila faida yoyote. Springi ngumu zimekusudiwa injini zizungukazo kwa kasi kubwa mno na kamshafti iinuayo valvu juu zaidi. Injini yetu haina haja ya kupita mara 4,000 hivi kwa dakika. Kazi yake ni kuvuta mzigo mchangani, polepole. Springi huchaguliwa kwa kuifuata kamshafti, nayo kamshafti huifuata kazi ya gari.

Kuhusu turbo, 1HZ ilitoka kiwandani bila hiyo. Dizeli yake huanza kuwaka katika chumba kidogo kilichomo ndani ya hedi, na joto likiongezwa huziangukia valvu za kutolea moshi na pale pale palipopasuka. Mwenye uwezo wa kuweka valvu za chuma bora, kupunguza dizeli kwa kipimo na kufunga geji ya joto la moshi, ana lake la kujaribu. Sisi tulikuwa na fedha za wenzetu mkononi, na jua la Garissa kichwani.

Jambo gumu zaidi lilikuwa la valvu kuukuu. Fundi, kwa kutuhurumia, alipendekeza tuzirudishe sita zilizoonekana nzima. Mwenzetu mshonaji akauliza kama shina lililokwisha kulika litaenea sawasawa katika tundu jipya, au litachezacheza kama sindano isiyokuwa ya cherehani ile. Fundi akacheka, akakubali: shina likicheza, valvu haikai sawa kitini, na mafuta ya injini hupenya na kuungua. Tukanunua zote 12, pamoja na sili na springi za kamshafti ya kawaida, katika duka moja. Kabla ya kulipa tulizisimamisha springi zote juu ya kioo cha meza. Moja ilikuwa fupi kuliko wenzake na imeinama. Muuzaji akaibadilisha bila ubishi.

Hedi ilipokwisha kuunganishwa, fundi aliipindua na kumwaga mafuta ya taa juu ya valvu. Kama nusu saa hivi tulikaa kuangalia kama yatavuja. Hayakuvuja. Kisha akapima nafasi kwa fila geji, moja moja, akiziachia valvu za moshi nafasi kubwa zaidi kwa sababu hupata joto zaidi na kurefuka. Valvu iliyobanwa haifungi barabara. Na isipofunga, haina pa kulipeleka joto lake ila iungue. Kazi hii ilikula siku nzima, kwani kila shimu ina unene wake, na mbili zilipasa kuagizwa tena Nairobi.

Alhamisi iliyofuata risiti zote zilisomwa mbele ya wenye ayuto. Dereva angali akiuliza habari za turbo. Tumemwahidi jibu baada ya kilomita 1,000, gari litakaporudi kwa fundi kupimwa nafasi upya, maana valvu mpya huzama kidogo vitini mwake. Shimu za zamani tumezihifadhi katika kopo la maziwa ya unga, kila moja na kipimo chake kwenye karatasi. Huenda fundi akazihitaji siku hiyo.