Arusi ya Lamu: Mapambo yanayoondoka na mgeni

MPENZI msomaji, ikiwa una arusi nyumbani kwako mwaka huu, kaa kitako nikusimulie. Na ikiwa huna, soma vivyo hivyo, kwa kuwa kadi ya mchango itakufikia tu.

Likizo ya Desemba ilinikuta na karatasi mbili mkobani. Ya kwanza ilitoka kwa mpambaji mmoja wa Nairobi niliyemwomba aniandikie gharama za kupamba ukumbi kwa arusi ya binti yangu mwezi wa Aprili. Shilingi 185,000. Vitambaa vya kuning'inia darini, tao la maua ya plastiki, viti viwili vya rangi ya dhahabu vya maarusi, na taa za kumetameta. Vyote hivyo vingekaa ukumbini kwa saa sita, kisha vipakiwe kwenye lori na kurudi vilikotoka.

Karatasi ya pili ilikuwa mwaliko. Mwalimu mwenzangu niliyefundisha naye kwa miaka mingi, mwenyeji wa Lamu, alikuwa akimwoza kitinda mimba wake. Kaka yangu alishauri tuuze mtamba mmoja tulipe ile karatasi ya kwanza, tukae kwa amani. Nilimwomba asubiri kwanza niitikie ile ya pili.

Ukitoka Mombasa, basi hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Wale mnaokumbuka vumbi la njia hiyo wakati wa kiangazi, na matope yake wakati wa masika, mtafurahi kusikia kwamba siku hizi imetiwa lami. Mokowe ndiko bara inakoishia. Unashuka gatini, unaingia mashua, na haupiti muda mrefu kabla hujauona mji wa Lamu umejipanga kando ya maji. Magari humo ni ya kuhesabika. Punda ndio wasiohesabika. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta za pande zote, na ukisikia kwato nyuma yako, banana na ukuta upesi. Punda wa Lamu hajui kumpisha mtu.

Mji huu wa kale uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, nawe ukiwa mgeni wa arusi ni vyema uanze kwa kuzuru makumbusho yaliyo ufuoni. Humo utaona siwa mbili: ya shaba, ya Lamu yenyewe, na ya pembe za ndovu kutoka Pate, ambayo urefu wake unapita mita mbili. Siwa ni baragumu, na zamani ilipulizwa katika sherehe za watu wakubwa, arusi zao zikiwemo. Mtu alijua kuna arusi kabla hajaona hata ua moja.

Kisha nenda ukaione ile nyumba ya kale ya Kiswahili iliyohifadhiwa iwe makumbusho. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti nazo zina kipimo chao. Chumba cha ndani kabisa kina ukuta mzima wa vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu: safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, ambamo viliwekwa vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Nilisimama hapo kwa muda. Fundi aliuchonga ukuta ule mara moja tu, ukawapamba mabibi arusi wa ukoo mzima, mama kwa binti kwa mjukuu, bila mtu kulipia kodi ya siku.

Lakini usidhani kwamba nimekuja kukuambia ya kale ndiyo dhahabu. Arusi niliyoalikwa ilikuwa na jukwaa, taa za rangi, na hata maua ya plastiki hayakukosekana. Bibi arusi ni msichana wa leo na simu anayo. Kilichonishangaza ni vitu vingine vilivyofanywa kando ya hayo, ambavyo havikuwa na risiti.

Alasiri ya siku ya kupamba, yaani usiku ule ambao bibi arusi huonyeshwa kwa wanawake, nilimkuta nyanya yake ameketi mkekani pamoja na wanawake kama kumi. Aliponiona mlangoni akaniita, “Ndoo, mwanangu, ndoo!” Mimi mtu wa bara nikageuka huku na huku nikitafuta ndoo ya maji. Wote wakaangua kicheko. Kumbe kwa Kiamu “ndoo” ni njoo.

Basi nikaja, nikapewa sindano, uzi, na fungu la asumini.

Asumini, msomaji wangu, haina subira. Huchumwa alasiri ingali changa, imefumba kama mbegu nyeupe, ikatungwa ikiwa katika hali hiyohiyo. Jua likishatua huanza kufumbuka yenyewe, na kufikia wakati wa Isha shada zima limechanua kichwani mwa bibi arusi, mbele ya macho ya watu. Ukiitunga ikiwa imekwisha kuchanua, petali hujeruhika na kubadilika rangi kabla wageni hawajaketi. Kwa hiyo kazi yote lazima ifanyike katika saa mbili au tatu hivi, na mtu mmoja haiwezi. Ndiyo maana kulikuwa na wanawake kumi.

Fungu langu la kwanza niliharibu. Nilijiona mwerevu, nikayatia maua katika kopo la plastiki, nikalifunika barabara ili yasinyauke, nikaliacha dirishani. Jua likalikuta hapo. Nilipofunua, asumini zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Nyanya yule hakunikaripia. Alinionyesha tu yake: yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa chepesi kilicholowa maji, kivulini, yakipata hewa. Akanigawia fungu jingine kutoka lake mwenyewe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwani maua hayakuwa mengi. Wanawake wale waliniambia kwamba nyumba nyingi zilizokuwa na mti wa asumini uani sasa zimejenga vyumba mahali pake, na siku yenye arusi mbili hawatoshelezani.

Mashada ya nywele yalipokwisha tulianza vikuba. Kikuba ni kifungu kidogo, hakizidi kiganja: asumini chache, majani ya mrihani, petali za waridi, na vipande vyembamba vya mkadi, vyote vimefungwa pamoja ili mtu akibane kifuani kwa pini. Nilidhani tunawatengenezea bibi arusi na wasimamizi wake. Nyanya akasema hapana, hivi ni vya wageni. Wote? Wote watakaowahi, akasema.

Hapo, mpenzi msomaji, ndipo nilipoikumbuka ile karatasi yangu ya shilingi 185,000. Nikaipitia kichwani mstari kwa mstari. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa mgeni. Dari ingevikwa, viti vingevikwa, hata ngazi ingevikwa; lakini shangazi yangu atakayepanda matatu mbili kutoka kijijini angeingia na kutoka kama alivyokuja, isipokuwa ameshiba.

Usiku ule niliona namna mgeni anavyopambwa. Ukifika mlangoni, msichana mmoja anakunyunyizia marashi ya waridi viganjani kwa mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu na kichwa chenye vitundu. Wa pili anakubandika kikuba. Wa tatu ameshika chetezo chenye makaa, na juu ya makaa kuna udi. Vipande vya mti wa udi hupikwa kwa sukari na manukato, na kila mwanamke ana siri yake ya kupika ambayo hakwambii hata ukimbembeleza. Unasogea karibu, moshi unaingia kwenye mtandio na mikunjo ya nguo, nawe unapita ndani ukinukia kama watu wa nyumba hiyo. Simu zilibaki mlangoni, kwa kuwa wanawake huvua mabuibui na kuketi kwa starehe. Kwa hiyo sina picha ya kukuonyesha, na gazeti hili litanisamehe.

Bibi arusi aliingia amechelewa, kama ilivyo ada. Aliketi jukwaani ametulia tuli, macho chini, asumini zimemfunika nywele, dhahabu shingoni, na mikono ameiweka magotini ili hina ionekane. Hina ile ilipakwa siku mbili kabla. Hapa nitakuomba usikilize kwa makini, hasa wewe binti unayejiandaa. Hina halisi ni majani ya mhina yaliyokaushwa, yakatwangwa na kuchekechwa, yakakandwa kwa maji na ndimu na kuachwa kwa saa kadhaa. Ukiibandua ngozini mwanzoni ni rangi ya chungwa, halafu hukolea polepole kwa siku moja au mbili hadi kuwa kahawia iliyoiva. Haiwi nyeusi papo hapo. Ile nyeusi, piko, aghalabu huwa ni dawa ya kupaka nywele, nayo ina kemikali iitwayo PPD ambayo huwaunguza watu wengine ngozi ikaota malengelenge na kuacha kovu. Warembo wengi wa pwani huipenda kwa kuwa michoro yake hutokeza vizuri. Mimi binti yangu nimemkataza, na nitaendelea kumkataza akiwa kwa mumewe.

Chakula sitakieleza sana. Pilau ilikuwa pilau, na halwa ilikuwa kwenye masinia yaliyofunikwa kwa kawa za ukili uliotiwa rangi nyekundu, zambarau na kijani. Zilipangwa katikati ya mikeka, wala sikuona haja ya pambo jingine mezani, na meza yenyewe haikuwepo.

Nilipokuwa nikirudi nilipitia Mombasa, nikaingia Biashara Street. Hapo ndipo lilipo duka la Kaderdina Hajee Essak, biashara iliyoanza mwaka 1887 na inayojulikana kwa chapa ya “Mali ya Abdulla”. Nilinunua doti za leso, zikiwemo za kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo tangu zamani ni leso ya arusi. Mpango wangu ni huu: zitatandikwa juu ya meza za wazee badala ya vitambaa vya kukodi, na arusi ikiisha kila shangazi na kila mama mdogo ataikunja aliyoikalia na kuondoka nayo. Soma jina la leso kabla hujalipa, lakini. Nusura ninunue moja nzuri ajabu ambayo maneno yake yalikuwa ya kumsuta jirani.

Utaniuliza, na asumini huku bara? Sina, na sitajifanya ninayo. Kikuba si lazima kiwe cha asumini. Mrihani huota popote penye jua na maji kidogo, na mawaridi ya Naivasha ambayo shina lake ni fupi mno kwa soko la Ulaya hupatikana humu nchini kwa bei nafuu. Kikuba hakihitaji shina. Waridi moja, majani matatu ya mrihani, uzi na pini. Niliunga kimoja nyumbani kwa dakika nne, nikakibana kifuani nikaenda kanisani, na kabla ya mahubiri kwisha watu wawili walikuwa wamenigeukia kuuliza kinachonukia ni nini.

Kumwambia binti yangu ndiko kulikonitia hofu. Alikuwa ameyaona mapambo yale ya mpambaji kwenye simu, akayapenda, na siku ya arusi ni yake, si yangu. Nilimfungulia leso moja niliyokuwa nimefungia kikuba changu cha Lamu. Kilikuwa kimekauka kabisa, cheusi, lakini kitambaa chote kilikuwa kimeshika harufu. Alikiweka puani akanyamaza kwa muda mrefu.

“Na viti vya dhahabu, Mama?” akaniuliza hatimaye.

Tumekubaliana. Viti viwili tutavikodi, na taa kidogo. Dari ya ukumbi itabaki kuwa dari. Shangazi zake sita watafika Ijumaa mchana wakiwa na sindano zao, na mmoja amekwisha nipigia kulalamika kwamba macho yake hayaoni uzi, kwa hiyo yeye apewe chetezo. Udi wa kutosha ninao. Mwenzangu alinipa kikopo, bila kunieleza ulivyopikwa.

Mtamba naye hakuuzwa. Jana jioni nilimkuta amepenyeza kichwa katikati ya fito za zizi, akitafuna mrihani nilioupanda kando ya ua.