Heshima Yenye Lugha Mbili

Watu wakisikia ndoa ya makabila mawili huuliza habari za chakula na lugha. Hayo ni mepesi, mtu huyazoea. Kazi kubwa ipo kwenye heshima, kwa sababu kila kabila lina namna yake ya kuionyesha.

Sisi tulifunga ndoa Bukoba mjini. Mmoja wetu ni Mhaya wa Kamachumu, Wilaya ya Muleba. Mwingine ni Mnyakyusa wa Rungwe, binti wa Kanisa la Moravian, lililofika huko mwaka 1891. Kote ni nchi za migomba, kahawa na mvua, hata ndugu wakasema mgeni hatakuwepo.

Kwa Wahaya, mkamwana hupiga magoti akamsalimia baba mkwe, na kahawa ya kutafuna hupokelewa mkononi kwa mwenye nyumba. Kwa Wanyakyusa wa jadi, mkamwana hujitenga na baba mkwe: hamtazami usoni, wala hakai naye chumba kimoja.

Basi kule Kamachumu, mzee alipoingia kwa mlango wa mbele, mkamwana alitoka kwa mlango wa jikoni. Kikapu cha kahawa kikabaki mkononi mwa mzee. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu mzee akamwuliza mwanawe kama mke huyu amekuja kujenga nyumba au kuidharau. Wapo ndugu waliotaka mahari ikadaiwe mapema. Na jikoni palikuwa na machozi, maana kumkazia macho baba mkwe kungekuwa kuyatupa malezi yote ya mama mzazi.

Tulimwita mzee wa kanisa. Hakutuhubiria. Aliuliza kila upande swali moja: "Kwenu, mtu akimheshimu mkwe wake hufanya nini?" Mzee aliposikia jibu la Rungwe alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ananikimbia kwa kuwa ananiona mkubwa."

Jioni ile tulisali Sala ya Bwana, kila mtu kwa lugha ya kwao, mkamwana akiwa mlangoni mwa jikoni. Kihaya na Kinyakyusa, sala zote mbili zilianza na neno moja: Tata, yaani Baba. Mzee akalisikia neno hilo kwa mara ya kwanza kinywani mwa mkamwana wake, akimwita Mungu.

Tukapatana. Kahawa ikawekwa mezani. Mkamwana akapiga magoti mlangoni na kusalimu, macho yakiwa chini. Kila upande ulipunguza kidogo, hakuna uliovuliwa heshima yake. Miaka ilipopita mzee akalazwa Hospitali ya Ndolage, na aliyemnywesha uji kwa kijiko ni mkamwana yule yule. Hakuna aliyemtuma.

Ruthu alikuwa Mmoabu, naye aliipata Bethlehemu kwa kutembea na mkwewe njia nzima. Vijana wetu mnaopanga harusi, kabla ya kuhesabu kamati na michango, ulizaneni lile swali la mzee wa kanisa. Nanyi wazazi, mkwe akifanya jambo msilolielewa, mwulizeni maana yake kabla ya kuliita dharau. Mungu aliyetuumba kwa lugha nyingi anazisikia zote.